Bwana Inategemea

Duka la kuchapisha lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mashine zilitema karatasi bila kupumzika, feni ya darini ilizunguka kwa uvivu bila kumpoza mtu, na kila aliyekuwa kwenye foleni alijiona ana haraka kuliko wenzake wote. Katikati ya msukumano huo alisimama fundi wa mapazia, kavaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe na kumkaa sawasawa, futikamba ikining'inia shingoni. Alikuwa ametoka dukani kwake mbio akaisahau. Waliomfahamu walishazoea, wangemwona bila futikamba wangemuuliza kama anaumwa.

Mkononi alishika kipeperushi alichotaka kukitoa nakala. Kilikuwa na picha ya pazia, jina la mtaa na namba ya simu, basi.

"Samahani, dada," sauti ikasema nyuma ya bega lake. "Bei haipo."

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu, mkoba wa kompyuta kaubana kwapani. Anasoma karatasi ya mtu bila hata haya.

"Kipeperushi changu kimekuomba ukisome?"

"Foleni ndefu, dada yangu. Ukuta nimeshausoma wote, zimebaki karatasi za watu."

Fundi alitaka kucheka, akakimeza kicheko. "Bei siitaji kabla sijapima. Madirisha hayafanani. Kuna la sebuleni, kuna la chooni, kuna lililopinda kama mdomo wa aliyenuna. Nitataja bei ya lipi?"

"Hapo umesema kweli. Ila mtu akiwa kwake anataka kujua pa kuanzia. Ungekuwa na tovuti angeona picha, angeona vitambaa, angekupigia akiwa tayari ameshapenda."

Hilo neno tovuti lilimgusa penye kidonda. Wateja siku hizi walikuwa wanapita mlangoni kwake wameinamia simu, wanatafuta mapazia humo humo kwenye simu, huku mapazia yenyewe yakiwapepea usoni. Kwa muda mrefu alikuwa anahangaika kutafuta mtu wa kumtengenezea hiyo tovuti, na kila aliyemuuliza alimwacha na kichwa kinauma.

"Kwani wewe unatengeneza?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Haya. Tovuti ya duka dogo kama langu ni bei gani?"

Kijana akajikuna kidevu. "Inategemea."

"Inategemea!" Fundi aliruka kama aliyekanyaga sindano. "Nilijua tu! Wote lenu moja. Wa kwanza alinitajia bei ya kuku, nikachekelea. Wa pili akanitajia bei ya gari. Wa tatu akaniuliza kwanza ninaishi mtaa gani, ndipo ataje. Na wewe unategemea nini? Hili gauni?"

Foleni yote ikageuka. Mama mmoja aliyekumbatia vyeti vya watoto wake akasema, "Mwambie, mwanangu."

"Inategemea dirisha," kijana akajibu taratibu, macho yanacheka. "Kuna la sebuleni, kuna la chooni. Siwezi kutaja bei kabla sijapima."

Foleni ikaangua kicheko, hata yule mama wa vyeti akahama upande. Fundi alijitahidi kukunja uso, uso ukakataa. Alijikuta anajiziba mdomo kwa ncha ya futikamba.

"Njoo dukani upime," alisema alipopata pumzi. "Ila ukitaja bei ya gari nakutoa na mkasi."

"Nikitaja ya kuku?"

"Hapo nitajua umekuja kuniibia."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba. Majora ya vitambaa yalisimama pembeni yameegemeana, na dirishani palikuwa na cherehani ya zamani ya kukanyaga. Kando yake iling'ara cherehani ya umeme, mpya, aliyoinunua kwa kujinyima mpaka viatu. Kwenye kiti cha mto alikaa shangazi yake, aliyemlea na kumfundisha kazi. Macho ya shangazi siku hizi hayakuweza kutunga uzi, lakini masikio yake yalisikia hata yasiyosemwa.

Shangazi ndiye aliyeweka sheria mbili za duka lile. Bei haitajwi kabla ya kupima. Na ikishatajwa haibadiliki, hata kama mwenye duka amejipunja. Sheria hizo ndizo zilizolipatia duka jina mtaani, na mpwa wake alizishika kama alivyozikuta.

Kijana alikuja kesho yake, na shati lilikuwa limepigwa pasi mbele na nyuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe Bwana Inategemea?"

Kijana alimtazama fundi. Fundi alikuwa ghafla na kazi nyingi sana ya kutafuta pini sakafuni.

Kijana akaeleza gharama moja baada ya nyingine, bila kujitia msomi. Kwanza kuna jina la tovuti, hilo linalipiwa kila mwaka.

"Jina linalipiwa?" Shangazi akashangaa. "Mimi langu ninalo tangu nizaliwe, sijaletewa bili."

"Huko mtandaoni, shangazi, ukiacha kulilipia mwingine analichukua."

"Basi kuna watu wawili watatu ningewaachia langu walichukue, na magoti yanayouma juu."

Pili kuna mahali pa kuihifadhi tovuti yenyewe, sawa na kodi ya chumba, nayo ni ya kila mwaka. Tatu ni kazi ya mikono yake, inayolipwa mara moja. Kurasa zikiwa nyingi bei inapanda. Akipiga picha yeye, inapanda kidogo. Akipiga mwenye duka, inashuka, ila mapazia yataonekana kama matambara ya kudekia. "Na ukitaka mteja aandike vipimo vya dirisha lake, bei ijitokeze yenyewe hapo hapo, basi kuna kikokotoo cha kutengeneza. Hicho kina kazi. Lakini ndicho kitakachokuletea watu."

Shangazi na mpwa wake wakatazamana. Bei ijitokeze kabla fundi hajafika na futikamba yake? Haijawahi kutokea.

"Mteja si atakuwa ameshajipimia mwenyewe?" kijana akasema. "Sheria yenu haijavunjwa. Imesogezwa kidogo tu."

Bei aliyotaja mwishowe haikuwa ya kuku wala ya gari. Tuseme ilikuwa ya mbuzi wawili walionona. Walivutana mpaka mmoja wa mbuzi wale akakonda. Fundi akatoa nusu, wakapeana mikono, na ile mikono ikachelewa kidogo kuachana. Shangazi akakohoa.

Kazi ambayo kijana alisema ni ya siku chache ikaanza kurefuka. Leo amekuja kupiga picha, kesho mwanga haukuwa mzuri, kesho kutwa amesahau kuuliza rangi. Alikuja mchana na akaondoka duka likifungwa. Fundi naye alianza kuvaa magauni yake ya kutokea siku za kazi, akidai mengine yamechafuka. Jioni simu yake ikilia, shangazi alikuwa anajua ni nani kwa namna mpwa wake anavyokimbilia nyuma ya majora.

"Bwana Inategemea, umefika salama?"

"Nimefika. Nimekaa naangalia picha za mapazia yako. Katika kila picha kuna mkono."

"Mkono gani?"

"Wako. Unanyoosha kitambaa, mimi nabonyeza, mkono umo. Sasa sijui niufute au niuache."

"Ufute! Watu watadhani nauza mikono."

"Huo ukiuzwa mimi ndiye mteja wa kwanza."

"Una pesa wewe? Mtu mwenyewe shati anapiga pasi upande mmoja."

"Nani kakwambia?"

"Nina macho, laazizi." Neno lilimtoka lenyewe. Akabaki kashika simu, anaomba asiwe amesikia. Alikuwa amesikia.

Siku moja fundi alimweleza siri ya kazi yake. Alivuta kipande cha kitambaa cha rangi ya maziwa akakitandaza dirishani. "Ona. Dirisha upana wake huu. Mshamba anakata kitambaa upana huu huu, akitundika kinasimama kama bango la mkutano. Pazia ni mikunjo. Kitambaa lazima kiwe mara mbili ya dirisha, ndipo linapata mawimbi, linajaa, linapendeza. Umeelewa?"

"Nimeelewa kabisa," kijana akasema, akitikisa kichwa. Ukweli ni kwamba jua la alasiri lilikuwa limepita kwenye kile kitambaa likamwangukia fundi shavuni. Mtu akiona kitu cha namna ile, habari za vipimo anazisikia wapi?

Tovuti ikakamilika. Kijana aliileta dukani kwenye kompyuta yake, kavaa shati jipya la samawati, nywele kazinyoa vizuri, kajipulizia manukato mpaka shangazi akapiga chafya. Kurasa zilikuwa nzuri ajabu. Mapazia yalionekana laini hata mtu angetaka kuyagusa, na ule mkono ulikuwemo kwenye picha moja tu, ya mbele kabisa.

"Sasa ukurasa wa bei," alisema, akimsogezea kiti. "Huu uangalie wewe, ndiye unayejua kazi. Andika vipimo vya dirisha lolote, uone kama bei iko sawa."

Fundi akaandika. Namba ikatokea. Lakini kijana alikuwa ameinama karibu sana, mkono kauegemeza kwenye meza ya kukatia, na ile samawati ilimkubali vibaya sana.

"Iko sawa?"

"Iko sawa," fundi akasema. "Iko sawa kabisa."

Akamlipa nusu iliyobaki. Jioni ile walikwenda kunywa soda kwenye kibanda cha kona, wakakaa mpaka mwenye kibanda akaanza kupanga viti juu ya meza, na kijana akamwambia waziwazi kwamba anampenda. Fundi akamjibu kwamba amechelewa kusema, shangazi alishamwambia siku nyingi.

Kisha mambo yakaja kasi. Simu za wateja zilianza kulia, na mmoja wao alikuwa mama mwenye nyumba ya wageni, mwenye sauti kubwa na madirisha mengi zaidi. Aliagiza kupitia tovuti mapazia ya vyumba vyote na ya ukumbi, akalipa malipo ya awali siku ile ile. Fundi alicheza peke yake katikati ya duka. Hajawahi kupata oda kubwa namna ile tangu aanze kazi.

Akavuta kiti, akaanza kupiga hesabu ya vitambaa vya kununua. Akapiga, akafuta, akapiga tena. Hesabu ilikuwa inagoma. Pesa yote ya oda, acha ile ya awali, yote, isingetosha hata kununua kitambaa chenyewe.

Akafungua ukurasa wa bei, akaandika vipimo vya dirisha la duka lake, akatazama namba iliyotokea. Safari hii aliitazama kweli. Akachukua simu.

"Mpenzi!" kijana akapokea kwa furaha.

"Niambie kitu. Mtu akiandika upana wa dirisha, hicho kikokotoo chako kinahesabu kitambaa kiasi gani?"

"Upana huo huo. Dirisha la mita mbili, kitambaa mita mbili."

"Na mikunjo?"

"Mikunjo ipi?"

Fundi alifumba macho. "Nilikueleza! Ulisimama hapa hapa dukani, ukatikisa kichwa kama mjusi! Kitambaa ni mara mbili! Nimeuza mapazia ya nyumba nzima ya wageni kwa nusu ya bei!"

"Ah! Pole, pole sana, mpenzi. Usiwe na wasiwasi, ni kosa dogo. Ni namba moja tu, naibadilisha sasa hivi."

"Kosa dogo? Kwako ni namba. Kwangu ni duka!"

"Lakini si nilikuuliza? Uliangalia mwenyewe ukasema iko sawa."

Ilikuwa kweli tupu, na kwa sababu ilikuwa kweli ndiyo ilimchoma zaidi. Sauti yake ikapoa.

"Nenda kabadilishe namba yako," akasema. "Na namba yangu ifute. Usinipigie tena."

Akakata simu, akaingia nyuma ya majora, akalia. Hakuwa analilia pesa tu. Alikuwa ameivunja sheria ya shangazi yake kwa ajili ya mwanamume, na huyo mwanamume alimtazama mdomo wakati anaongea bila kusikia neno hata moja.

Shangazi alimwita. "Mpigie huyo mama, mwanangu. Mweleze. Sheria niliiweka mimi, na leo naivunja mimi."

"Hapana, shangazi. Akizunguka akisema kwamba bei zetu za mtandaoni ni chambo tu, nani atatuamini tena? Bei imeshatoka. Nitashona."

"Kwa kitambaa gani?"

Fundi aligeuka akaitazama ile cherehani ya umeme, na shangazi akaelewa. Siku iliyofuata mpwa alimpigia fundi mwenzake aliyekuwa akiitamani, wakakubaliana aje kuinunua mwisho wa wiki. Simu ya kijana iliita asubuhi, ikaita mchana, ikaita jioni. Fundi aliilaza kifudifudi juu ya meza akaendelea kupinda mapindo ya watu. Halafu ikaacha kuita, na kuacha kwake kukamuuma kuliko kuita.

Mwisho wa wiki ulifika. Alikuwa anaifuta vumbi cherehani yake mara ya mwisho simu ilipolia. Ilikuwa ile sauti kubwa ya mama wa nyumba ya wageni.

"Binti wa mapazia! Huyu kijana wako ni mzima?"

"Kijana gani, mama?"

"Mrefu, shati la samawati. Kaja kwangu majuzi, hata chai hajanywa, kanitandulia shuka kitandani kalitundika dirishani mbele ya wageni. Kwanza kalinyoosha kama bango. Kisha kalikunjakunja likajaa vizuri. Ananiambia, mama, hili la kwanza ndilo ulilolipia, hili la pili ndilo ulilotaka, kosa ni langu, fundi hana kosa lolote."

Fundi akashika meza.

"Nikamwambia, kosa lako mimi linanihusu nini? Bei niliyoiona ndiyo bei. Akasema, sawa mama, usiongeze hata senti. Hiyo nusu inayopungua nailipa mimi, kwa kazi. Una tovuti? Nikamwambia nimeitafuta mwaka mzima, kila ninayemuuliza bei ananitajia yake. Wewe yako ni bei gani? Akasema, yangu ni nusu ya mapazia yako. Nikapiga hesabu, nikaona hapo sijaibiwa. Basi mimi nakulipa wewe bei kamili, na yeye ananitengenezea tovuti bure, yenye picha za vyumba na kila kitu. Kaniapisha nisikwambie, lakini mwanangu, mimi siri hunipa kiungulia. Vitambaa nunua leo, pesa naileta mchana."

Simu ilipokatika fundi alikaa chini, juu ya jora, kwa sababu kiti kilikuwa mbali. Alijua sasa ile kazi ilivyo. Aliiona kwa macho yake: picha, kurasa, macho mekundu, kuandika na kufuta. Na kijana anaifanya yote hiyo bila kulipwa, na bila kumwambia.

Akampigia fundi mwenzake. "Nisamehe, ndugu yangu. Cherehani haiuzwi tena."

Kisha akachukua mkoba wake. Shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni, kilemba kichwani.

"Unakwenda wapi, shangazi?"

"Unakokwenda wewe. Kwa mwanamume huendi peke yako. Na mimi nataka kuona madirisha yake."

Kijana alikaa chumba cha juu ya kinyozi, na tangu wafahamiane fundi hakuwahi kukanyaga huko. Walipanda ngazi shangazi akilalamika kila hatua. Mlango ulifunguliwa na mtu mwenye ndevu za siku kadhaa na shati lisilojua pasi iko wapi. Alipowaona alirudi nyuma akagonga meza, kikombe kikayumba. Kilikuwa kikombe kimoja. Kulikuwa na sahani moja, kiti kimoja, stuli iliyobeba ndoo ya maji, meza iliyolemewa na kompyuta na nyaya, na kwenye kioo cha kompyuta picha za vitanda vya nyumba ya wageni. Na dirishani, mbele ya macho ya fundi wa mapazia, palitundikwa shuka la kitanda lililobanwa kwa vibanio vya nguo.

"Hili ndilo pazia lako?" fundi akauliza.

"Kumbe yule mama alikwambia," kijana akasema.

"Nimekuuliza la pazia."

"Nilikuwa naona haya kukualika, kwa sababu ya hilo hilo." Akamvutia shangazi kiti, akabaki amesimama, mikono haijui pa kukaa. "Fundi, nisikilize. Niliita kosa dogo, na halikuwa dogo. Ulinieleza mikunjo na mimi sikusikia."

"Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nakuangalia. Jua lilikuwa limekupiga hapa." Akajigusa shavu. "Nisingekumbuka hata jina langu."

Shangazi akajifanya amepitiwa na usingizi, jicho moja wazi.

Fundi alitazama sakafu. Maneno yalikuwa mazito, lakini alikuwa amekuja kuyasema. "Na mimi nilisema nimeangalia ile bei. Sikuiangalia. Namba ilitokea, sikuisoma."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

"Hilo shati la samawati, nawe!"

Wakatazamana, kisha kicheko kikawashika wote wawili, kile cha kumaliza pumzi, na shangazi aliyelala akacheka pia. Fundi alijifuta machozi kwa kiganja. Akaitoa futikamba shingoni.

"Nisogezee hiyo stuli. Siwezi kukaa chumba kimoja na hilo shuka. Shangazi, shika ncha hii."

Akapanda, akabandua vibanio, mwanga ukaingia chumba kizima. Akanyoosha futikamba kutoka kona hadi kona.

"Bei gani?" kijana akauliza kutoka chini.

"Inategemea."

"Basi usishone."

Akageuka juu ya stuli. Kijana hakuwa anatania tena.

"Chumba hiki nataka kuhama," alisema. "Nataka nyumba yenye madirisha ya kutosha. Sijaitafuta bado. Nilifikiri nisubiri aichague fundi mwenyewe, kwa sababu nataka akae humo na mimi. Kila kitu mara mbili, kama ulivyonifundisha. Kikombe cha pili, kiti cha pili. Safari hii nimesikia. Naomba nikuoe."

Shangazi aliachia ncha, futikamba ikarudi kwa mpwa wake ikimchapa mkono. Fundi aliteremka polepole. Hakutaka kulia mbele ya mtu aliyetoka kumchekesha. Alimsogelea, akaipitisha futikamba nyuma ya mabega yake, akaivuta.

"Simama wima."

"Unafanya nini? Sijajibiwa bado."

"Napima shati la harusi. Nitalishona mwenyewe, na pasi nitaipiga mwenyewe, mbele na nyuma. Inua mkono."

Kijana aliinua mkono, akatabasamu kama mtoto. Fundi akapima bega, akapima mkono, akashuka kifuani, na pale kifuani futikamba ikatulia muda mrefu bila mtu kusoma namba.

"Tumboni mwachie nafasi," shangazi akasema kutoka kitini. "Huyu atanenepa."